Boti Tuliyojifunzia Ndani ya Pipa

Tangu nirudi, kila nikikaa na kikombe cha chai kuna mtu wa kuniuliza, "Jama, ni kweli mtoto wa kike ndiye alikutoa kule ziwani?" Nimejibu hadi maneno yamechakaa. Na kila nikijibu, Galgalo, dereva wa lori langu, anaongeza mamba. Hapakuwa na mamba, au kama walikuwapo hatukuonana. Nimeona niandike mara moja tu. Anayetaka asome, na asiyetaka aendelee na mamba wa Galgalo.

Isiolo, uani kwetu

Mnajua boti ile niliirithi kwa baba yangu, askari mstaafu aliyeamua uzeeni kubeba samaki wakavu kutoka kambi za wavuvi hadi Loiyangalani. Boti hulala kule ziwani. Injini yake hulala Isiolo, chumbani kwetu, kati ya kabati na kitanda, kwa sababu injini ya boti ikiachwa ufukweni huota miguu, wezi wakaondoka nayo. Miaka kumi niliiendesha mwenyewe. Mwaka jana jeki iliteleza chini ya lori, na tangu siku hiyo vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia havikunjiki. Kamba ya kuwashia injini siwezi kuivuta.

Mwanangu wa kwanza anauza nguo Nairobi, na akiona maji yanayozidi beseni anatapika. Alibaki Sahra, miaka kumi na mitatu, ambaye tangu akiwa mdogo alikuwa ananipa spana kabla sijamaliza kuitaja namba yake. Nikaamua shule zikifungwa nimfundishe boti. Asipoweza, naiuza. Nilikuwa nimeshamtumia Ekai, mvuvi anayeilinda, neno kwamba aanze kutafuta mnunuzi.

Sasa unamfundishaje mtu boti Isiolo? Tulikata mdomo wa pipa, tukafunga injini kwenye ubao mzito, tukajaza maji. Wiki ile mfereji ulikuwa unatoka siku mbili tu, na mama yake, Khadija, alikuwa anahesabu kila debe. Majirani walisimama ukutani wakitazama.

"Baba Sahra," mmoja wao akaniambia, "sisi tunangoja maji ya kupika, wewe unanywesha chuma."

Siku ya kwanza Sahra alivuta kamba hadi kiganja kikatoa malengelenge. Siku ya tatu injini ikaitika kwa mvuto wa pili. Nilimfundisha kuchanganya oili kwenye petroli, kusafisha plagi, na kutazama kama tundu la nyuma linatema maji, maana lisipotema injini inaungua. Nilimfundisha kwa sauti. Mimi ni mtu wa malori, na mtu wa malori husema akiwa juu ya kelele ya injini hata injini ikiwa imezimwa.

Mwisho nikamwonyesha pini, kijiti kifupi cha chuma kinachofunga propela kwenye shafti. "Ya kwanza ilikuwa laini," nikamwambia. "Ilivunjika kila tukigusa mchanga. Nikakata bolti ya lori, nikaiweka. Miaka mitatu haijavunjika."

"Aabo," akasema, yaani baba kwa lugha yetu, "kwa nini waliotengeneza waliweka laini?"

"Ili wauze nyingine."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu. Chekeni tu, bado hamjafika.

Asubuhi ya kuondoka Khadija alinishika mlangoni. "Na lori sina neno," akasema. "Lakini huyu amezaliwa mahali mto wenyewe unakauka. Umemtoa kwangu mzima, mrudishe mzima."

"Inshallah."

"Usiniambie inshallah ya haraka hivyo."

Nikairudia polepole.

Isiolo hadi Maralal

Tuliifunga injini kwa blanketi la kijivu, tukaizungushia kamba, tukailaza juu ya magunia ya unga. Ngaremara tulipakia abiria watano, na mmoja alikuwa mama wa Kiturkana mwenye mbuzi wawili. Wote walipanda, wakaliona lile blanketi, wakajibana upande wa pili. Hakuna aliyeligusa. Lori liliruka shimo baada ya shimo, wakaangukiana wao kwa wao, lakini kwenye blanketi hakuna aliyeegemea hata mkono.

Wamba yule mama aliposhuka, alimshika Sahra mkono, akamwekea ugoro kidogo kiganjani. "Pole kwa mzee yako," akamwambia. "Mungu akuwekee yeye pahali pazuri."

Walidhani tumebeba maiti. Nilimuuliza Sahra kwa nini hakuwaambia.

"Wangejua ni injini wangeikalia," akasema. "Na plagi iko upande wa juu."

Nilicheka, nami nikaweka akilini kwamba mtoto huyu akiona jambo linafaa, halitangazi. Laiti ningeliweka vizuri zaidi.

Maralal baridi ilitukuta bila sweta. Tulikunywa supu ya mbuzi yenye pilipili mpaka pua zikatiririka, tukalala ndani ya lori, mimi, Sahra na Galgalo kwenye kiti kimoja.

Maralal hadi ziwani

Kabla ya Baragoi bolti ya katikati ya springi ya nyuma ilikatika. Nilikuwa na nyingine ya saizi ileile, na nilikuwa na nene zaidi. Nikamwambia Galgalo apanue tundu aweke ile nene. Hii ndiyo dini yetu watu wa barabara hizi: kitu kikivunjika, weka kikubwa zaidi.

Karibu na South Horr tukasikia mlio chini yetu. Bolti nene ilikuwa nzima. Springi yenyewe ndiyo ilikatika, jani kubwa la kwanza, lile bamba refu la chuma, palepale tundu lilipopanuliwa. Tulikaa siku nzima na nusu tukingoja lori lingine lituuzie jani. Chakula kilikuwa ugali na maziwa ya ngamia tuliyopewa na mzee mmoja Msamburu, ambaye alikaa nasi kutwa akitazama lori kama anayetazama mgonjwa asiyemhusu. Sahra aliokota ile bolti, akaigeuza mkononi, akaitazama springi iliyokatika.

Loiyangalani

Ekai alikuwa ametuma neno kwamba boti iko sawa. Tulifika tukaikuta imelala kifudifudi juani, mbao zimeachana hadi unaweza kupitisha kidole.

"Hii ndiyo sawa?" nikamuuliza.

"Si iko?" Ekai akajibu. "Haijaibiwa, haijachomwa. Iko sawa."

Halafu akafanya jambo lililotaka kunitoa roho. Aliigeuza, akaisukuma majini, akaijaza mawe na kuizamisha. Nilipiga kelele hadi wanawake waliokuwa wakichota maji wakageuka. Ekai alingoja nichoke.

"Mbao ikiwa kavu inaachana," akasema. "Ikikunywa maji inashikana. Siku nne."

"Siku nne boti ikae chini ya maji?"

"Ama wewe ukae chini ya maji. Chagua."

Siku nne, basi. Upepo wa pale hushuka kutoka mlima Kulal na kuelekea ziwani, toka jioni hadi asubuhi, na hulala adhuhuri. Kwa hiyo mwenye boti ana mchana tu: anaondoka upepo ukilala, anarudi kabla haujaamka. Injini ikizima wakati upepo umeamka, husukumwi ufukweni. Unasukumwa katikati, na ng'ambo ya pili ni mbali mno kwa mtu mwenye kasia na mkono mmoja.

Siku hizo Sahra alishinda na Ekai. Niliwaona wamechuchumaa, Ekai akigonga kitu juu ya jiwe, Sahra akikata kwa msumeno mdogo. Nilidhani wanatengeneza ndoana.

Kwenda kambini

Siku ya tano boti ilielea bila kuvuja zaidi ya kikombe. Tulifunga injini, na adhuhuri tukaondoka, mimi na Sahra tu, kwani Ekai alikuwa na jino lililomvimbisha shavu. Kambi ya wavuvi ilikuwa saa moja na nusu kuelekea kaskazini, kando ya pwani.

Jambo moja ambalo pipa halikumfundisha ni kwamba mkono wa injini unasukumwa kulia ili boti iende kushoto. Robo saa ya kwanza tulichora nyoka. Nilipiga kelele, "Kushoto! Si hiyo kushoto!" Akaniuliza kwa upole, "Kushoto ya mkono ama ya boti, Aabo?" Mimi mwenyewe hufanya bila kufikiri. Akajaribu mwenyewe mara tatu, akalipata.

Tulifika vizuri, samaki wakapakiwa kwa nusu saa. Tungeondoka saa ile, nisingekuwa na cha kuandika.

Lakini mwenyeji wetu, Lokol, alikuwa amechoma samaki mkubwa akatuwekea juu ya kibao. Sasa, mnatujua sisi. Samaki kwetu ni mzigo, si chakula. Baba yangu aliwabeba miaka ishirini na hakuwahi kuonja hata mkia. Nikasema tumeshiba. Lokol akasogeza kibao. Nikasema nina tumbo. Mke wake akasema kitu kwa Kiturkana na watu wakanigeukia.

"Wewe unanunua samaki yetu," Lokol akasema, "lakini unaona ni uchafu?"

Sahra alikuwa ameshanyoosha mkono. Alimega kipande, akala, akamega kingine. Angalau mmoja wetu alikuwa na adabu. Lakini mimi ndiye mkubwa, na heshima ya Lokol ilikuwa kwangu. Akatuma mtu akalete mbuzi. Mbuzi alikuwa mbali. Alipofika, ilibidi nimchinje mwenyewe ili iwe halali, na kwa mkono huu wangu kazi ikachukua muda. Kisha achunwe, kisha achomwe. Kuondoka bila kula mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yako ni tusi kubwa kuliko lile la kwanza.

Sahra alikuja mara mbili kuniambia majani ya mkoma, ule mtende wa ufukweni, yameanza kutikisika. Mara ya kwanza nikamwambia nimeona. Mara ya pili nikamwambia anyamaze wakubwa wakila.

Kurudi

Tuliondoka saa kumi kasoro. Nusu ya safari maji yalikuwa na makunyanzi tu. Kisha upepo ukashuka kutoka mlimani mara moja, na mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni, ya kijani na mafupi, moja juu ya jingine.

Nikamwambia Sahra aende karibu na pwani, ambako mlima unakinga. Akasema Ekai amemwonya kuna mawe. "Ekai ana jino," nikasema. "Mimi nina miaka kumi hapa. Karibu na pwani, na uongeze mafuta."

Akaongeza. Tulienda hivyo labda dakika kumi. Halafu kitu kikagonga chini, boti ikaruka, na sauti ya injini ikapanda juu, nyembamba, kama lori lililotoka gia mteremkoni. Boti haikusogea mbele tena. Sahra akazima.

Ukimya ule sitausahau. Upepo ulitugeuza, na nikaona pwani inaanza kwenda. Nilitupa jiwe la nanga. Likakwaruza chini, likashika, likaachia. Kamba ikaning'inia wima mkononi, na nikajua maji yameshakuwa marefu kuliko kamba.

"Propela imekatika," nikasema. "Umeivunja."

"Haijakatika, Aabo. Ni pini."

"Pini ni bolti ya chuma! Haivunjiki hiyo!"

Hapo mtoto akainamisha kichwa. "Niliitoa," akasema. "Nikaweka ya shaba. Ekai alisema hii ndogo lazima ivunjike ndio kubwa ibaki. Bolti ingekuwa ndani, gia zote zingesagika."

Nitasema ukweli kwa kuwa mmeniomba ukweli. Niliinua mkono nimpige. Ule ule mbovu. Wimbi likatupiga, nikashika ubavu wa boti kwa mkono huo, na nikaiona springi ya South Horr mbele yangu, na bolti yangu nene imekaa nzima katikati ya jani lililokatika.

Sahra alikuwa ameshafungua ncha ya mtandio wake. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya shaba vilivyokatwa kwenye bawaba ya mlango wa zamani. Hizo ndizo zilikuwa zile ndoana nilizodhani. Akainua injini ikalala nyuma, propela ikatoka majini, akaniambia, "Nishike."

Ilibidi ainame nje ya boti hadi kiunoni. Nilimshika mguu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nikaushikisha nguo yake mgongoni, lakini vidole vitatu vilikuwa vimelala, na wimbi la kwanza likaipokonya nguo. Mwili wake ukatoka nje zaidi. Sikuwaza. Nikaliuma gauni kwa meno, pindo lote, nikakaza taya, na nikajilaza chini na uzito wangu wote.

Hivyo ndivyo tulivyokaa. Na kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa kitambaa, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sikuweza kumpa maagizo.

Nilisikia plaizi. Nilisikia kofia ya propela ikitoka na nikataka kusema, "Iweke kifuani isianguke," lakini sikuweza, na yeye akaiweka mdomoni mwake, kwa hiyo sasa tulikuwa wawili tusiosema. Pini ya kwanza ilianguka. Niliisikia ikigonga ubao, kisha sikuisikia. Wimbi likampita kichwani, akatoka akikohoa kwa pua, na taya langu likaanza kutetemeka. Nilimwomba Mungu kwa moyo, na sikuomba boti. Nilikuwa na picha moja tu, ya mlango wangu wa Isiolo, na mimi nasimama mbele yake peke yangu.

Pini ya pili iliingia. Aligonga mguu wangu mara mbili nimvute, nikamvuta.

Alivuta kamba mara tatu, injini ikakohoa tu. Kabla ya mara ya nne alisimama, akafuta plagi kwa ncha kavu ya mtandio, iliyokuwa imebaki moja, akairudisha. Ikawaka. Akatazama nyuma kwanza, kwenye tundu, hadi alipoona linatema maji.

Pwani ilikuwa imekuwa mstari. Mimi ningefungua mafuta yote nikaikimbilie. Yeye akashika nusu, akauelekeza mdomo wa boti kwenye upepo kwa mshazari, akapanda kila wimbi polepole, akasubiri, akapanda jingine. Mdomo wangu sasa ulikuwa mtupu, na maagizo yalikuwa mengi humo. Niliyameza. Nikachukua kopo nikaanza kuteka maji, kazi ambayo miaka yote nilikuwa nawapa wengine.

Ekai alikuwa amesimama ufukweni na kitambaa shavuni. Jua lilikuwa halijatua bado. Aliishika kamba, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Mnunuzi alikuja. Nimwambie nini?"

"Mwambie boti ina dereva," nikasema. Kisha nikaketi mchangani.

Jioni hiyo Sahra alinirudishia bolti yangu. Alikuwa ameificha ndani ya soksi. Alisema alitaka kuirudisha mahali pake tukifika Isiolo, nisijue, nisiaibike. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini.

Nyumbani

Njia ya kurudi haina habari. Springi ilishika.

Khadija alitupokea mlangoni. Hakunitazama mimi. Alimgeuza Sahra mbele na nyuma, akatazama viganja, akatazama magoti, kisha akashika gauni kwenye pindo. Palikuwa na mistari miwili ya matundu, wa juu na wa chini, na katikati kitambaa kilikuwa kimechanika.

"Nani ameuma nguo ya mtoto?"

"Mimi," nikasema.

Alizipima alama zile kwa kidole, moja moja, hadi penye pengo la jino langu la mbele. Nilingoja kelele, na nilikuwa nimejiandaa nisijibu. Aliliachia gauni, akaingia ndani.

Sahra na Galgalo waliishusha injini, wakaifunga kwenye ubao, maana maji ya ziwa lile yana magadi na injini isiposuuzwa kwa maji matamu inaliwa ndani. Pipa lilikuwa kavu. Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba maji, siku ambayo mfereji hautoki, nikasikia nyuma yangu debe likimiminwa. Khadija alikuwa ametoka na akiba ya jikoni. Alimimina la kwanza, akaenda, akamimina la pili, akaenda tena. Majirani walisimama ukutani.

Pipa lilipojaa, alikaa juu ya debe tupu, akakunja mikono kifuani.

"Haya," akamwambia Sahra. "Washa nisikie."